Umelitoa Wapi?



Katika vyuo vyetu vya Pemba, mwanafunzi akileta neno la dini, mwalimu humuuliza: "Umelitoa wapi?" Hamuulizi kumtahayarisha. Swali hilo ndilo lililoilinda ilimu ya Hadithi. Ifungue Sahihi ya Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 256 wa Hijra (870), uone anavyotanguliza majina ya wapokezi kabla ya maneno yenyewe.

Leo vijana wetu, alhamdulillahi, wanafika vyuo vikuu, na huko hutakiwa wataje kitabu, mwandishi, mwaka na ukurasa. Wako wanaodhani hiyo ni ada ya Wazungu. Sivyo. Jambo hili kwetu ni la zamani, nalo ni isnadi.

Kijana mmoja aliniletea tasnifu yake niipitie. Mlikuwa na Hadithi ile mashuhuri ya kutafuta ilimu hata China, na chini yake kamtaja Imamu Bayhaqi. Nikamuuliza: "Mwanangu, kitabu cha Bayhaqi umekifungua?" Akajibu: "La, maalim, nimeikuta katika makala ya mtu."

Tukakitafuta kitabu. Kumbe Bayhaqi, aliyefariki mwaka 458 wa Hijra (1066), baada ya kuieleza Hadithi hiyo anasema kuwa matini yake ni mashuhuri lakini isnadi yake ni dhaifu. Na Ibn al-Jawzi, aliyefariki mwaka 597 wa Hijra (1201), kaitia katika kitabu chake cha Hadithi za uzushi. Basi tazama, ndugu yangu: Bayhaqi kafanywa shahidi wa neno ambalo yeye mwenyewe katutahadharisha nalo! Na neno lenyewe anasingiziwa nalo Bwana Mtume (S.A.W.). Je, hilo ni jambo dogo?

Kutafuta ilimu ni wajibu, na dalili zake sahihi zipo. Haki haihitaji kusaidiwa na neno lisilothibiti.

Wanavyuoni wa Hadithi wana jina la kumficha uliyepokea kwake ukamtaja aliye juu yake: huiita tadlisi, na wameikemea. Kwa hivyo, ukiwa hukukisoma kitabu, usijifanye umekisoma. Sema: "Bayhaqi, kama alivyonukuliwa na fulani." Kusema hivyo hakukushushi daraja, na msomaji atajua wapi pa kuhakikisha.

Tena iko haki ya wenye kazi. Washairi wetu wa Pemba, Kamange (1830–1910) na Sarahani (1841–1926), tunawasoma leo katika *Kale ya Washairi wa Pemba*, kilichotoka mwaka 2011. Waliokusanya ni Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy, na mhariri ni Abdilatif Abdalla. Mwenye kuchukua shairi humo akamtaja Kamange peke yake, kawadhulumu waliomhifadhia.

Enyi wazazi, mtoto akileta neno nyumbani, awe kalipata chuoni, skuli au katika simu, muulizeni kwa upole kalitoa wapi. Akisema hajui, mwambieni akatafute kabla hajalipeleka kwa mwengine. Ilimu ni amana, na amana hurejeshwa kwa mwenyewe.

Mwenyezi Mungu atujaalie ukweli wa ulimi na wa kalamu. Amin.