Ocean Road, uchovu usiokwisha kwa kulala

Mwendokasi kutoka Kimara huishia Kivukoni, na harufu ya samaki wa Feri humpokea msafiri kabla hajashuka. Kuanzia hapo barabara inafuata bahari. Kushoto ni eneo la Ikulu, kulia ni mchanga na mivinje inayovuma kwa upepo wa asubuhi. Wengi wanaopita saa mbili asubuhi wana haraka ya kuwahi kazini. Wachache hutembea taratibu, husimama kwenye kila kivuli, na kwapani wamebana bahasha kubwa za kaki zenye picha na majibu ya vipimo. Hao wanakwenda Ocean Road.

Barabara hiyo sasa inaitwa Barack Obama, lakini jina la zamani halijafutika midomoni mwa watu, kwa sababu limebaki kwenye hospitali. Wajerumani waliifungua mwaka 1897 kwa ajili ya Wazungu. Baada ya uhuru ilitumika kwa muda mrefu kama hospitali ya wazazi, na wapo wakazi wengi wa Dar es Salaam wenye umri wa kuwa babu na bibi ambao walilia kwa mara ya kwanza humo ndani. Tangu mwaka 1996 ni Taasisi ya Saratani Ocean Road, na wagonjwa huja kutoka karibu kila mkoa.

Kwenye mabenchi ya kusubiri mionzi, jambo linaloonekana kwanza si maumivu. Ni jinsi watu walivyoegemea. Mmoja ameegemea ukuta, mwingine bega la binti yake, mwingine amejilaza juu ya khanga. Ni asubuhi na walilala usiku kucha, lakini wamechoka kama waliotoka kulima.

Miongoni mwao ni mama mmoja wa watoto watatu kutoka Kilosa. Alifanyiwa upasuaji wa titi, akamaliza dawa za dripu, sasa anapigwa mionzi mara 15, Jumatatu hadi Ijumaa. Anakaa Kimara kwa mdogo wake. Wiki ya kwanza alikuwa akifika, akipigwa mionzi, anarudi na kupika. Kufikia mara ya tisa, kupanda ngazi za kituo cha mwendokasi kulimshinda. Akajiambia kwamba ama ugonjwa umerudi, ama hiyo mionzi ndiyo inayomuua. Bila kumwambia mtu, akapanga kuacha na kurudi kwa wanawe.

Alichokuwa hajui ndicho ambacho wagonjwa wengi hawaambiwi mapema, au huambiwa siku ambayo masikio yao yamejaa neno saratani na hayasikii kingine. Uchovu wa mionzi hujikusanya. Huanza kidogo, hupanda wiki hadi wiki, na mara nyingi huwa mkali kuelekea mwisho wa matibabu na wiki chache baadaye. Wa dawa za dripu una mwendo mwingine: humwangusha mgonjwa siku chache baada ya kila dozi, kisha hupungua hadi dozi inayofuata. Wenyewe hauna maana kwamba tiba imeshindwa. Kuacha mionzi katikati, kinyume chake, ni kuupa ugonjwa nafasi.

Aliyemwokoa ni muuguzi aliyemuuliza kwa nini jana yake hakuja. Mama yule akalia, akasema yote. Akarudishwa kwa daktari, akapimwa damu, ikaonekana imepungua, akatibiwa. Hapo ndipo penye somo ambalo familia nyingi hulipita: uchovu wa saratani si kitu kimoja. Ndani yake inaweza kuwapo damu pungufu, maumivu yanayomnyima mtu usingizi, maambukizi, kutokula, tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, au sonona. Kila kimoja kina tiba yake, lakini hakuna kitakachotibiwa ikiwa mgonjwa anajibu "sijambo" kila anapoulizwa.

Nyumbani Kimara, mdogo mtu alikuwa anamtengenezea dada yake juisi ya rozela na kumnunulia vidonge vya kuongeza damu duka la dawa. Nia yake ilikuwa njema, na glasi ya rozela haina ubaya kama kinywaji. Ila si kila upungufu wa damu unatokana na ukosefu wa madini ya chuma, na dawa za mitishamba zinaweza kugongana na tiba, kwa hiyo daktari aambiwe kila kinachoingia tumboni. Mayai, dagaa, maharage na maji ya kutosha vinasaidia zaidi. Asiyeweza sahani nzima ale kidogo kidogo mara nyingi.

Ushauri uliomshangaza zaidi ulikuwa wa kutembea. Kwao, aliyechoka hulazwa, na anayemtoa mgonjwa kitandani huonekana hana huruma. Lakini kulala mchana kutwa hulegeza misuli, huharibu usingizi wa usiku, na kesho yake uchovu unaongezeka. Mazoezi mepesi ni miongoni mwa tiba zenye ushahidi mzuri kwa tatizo hili, maadamu daktari ameruhusu. Basi baada ya mionzi wale ndugu wawili wakawa wanavuka barabara na kutembea chini ya mivinje, mti hadi mti. Siku ya kwanza miti minne, wakakaa kutazama meli zikiingia bandarini. Nyumbani analala mchana nusu saa tu, simu ikiwa imewekwa kengele.

Zipo dalili ambazo hazisubiri. Anayetumia dawa za dripu akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Vivyo hivyo anayekosa pumzi akiwa amekaa, anayechanganyikiwa, au ambaye ghafla hawezi kabisa kuinuka.

Ugumu mwingine ulikuwa unamsubiri Kilosa. Mtu akimaliza matibabu nyumbani huchinjwa kuku, majirani hushukuru Mungu, na kesho yake jembe huwa linamwangalia mlangoni. Uchovu unaweza kubaki kwa miezi, kwa wengine zaidi ya mwaka. Nywele zimeota, mwili umerudi, na hapo ndipo maneno huanza: anadeka, amezoea kuhudumiwa mjini. Yakisemwa na mama mkwe huuma zaidi, na mke hunyamaza, huchota maji ndoo tatu, kisha hulala siku mbili.

Kwa hiyo kabla ya kuondoka alimpigia mumewe simu, spika ikiwa wazi, mdogo wake yuko pembeni. Hakumwomba amwonee huruma. Alimtajia kazi: maji, kuni, kufua mashuka. Kupika ataweza asubuhi, akiwa amekaa. Shambani asitarajiwe msimu huu. Na mama aambiwe na mwanawe, si na mkwe. Wanawake wa jumuiya wameshauliza wasaidie nini, basi wagawane siku, kwa sababu "pole" za watu kumi haziinui ndoo moja. Mtoto mkubwa, wa darasa la sita, aelezwe ukweli kwa lugha yake. Kitinda mimba, wa miaka minne, aambiwe kwamba mama habebi kwa sasa, lakini kupakata anapakata.

Mume alinyamaza muda mrefu, hadi wakadhani simu imekatika. Halafu akauliza kama kigoda cha jikoni kinafaa au anunue kiti chenye mgongo.

Mara ya 15 ilikuwa Ijumaa. Jumamosi asubuhi walikwenda kituo cha Magufuli, Mbezi, mdogo mtu akiwa amebeba mabegi yote. Kwenye bahasha ya kaki kulikuwa na tarehe ya kurudi kliniki, na daftari la shule ambamo mama yule alianza kuandika kila siku saa anazokuwa na nguvu na saa zinazomwangusha. Kilosa, kiti kilikuwa kimeshanunuliwa, cha plastiki, cha bluu. Mama mkwe ndiye aliyekuwa amekikalia akichambua mchicha, na alipoona basi dogo limesimama barabarani alisimama akakifuta kwa upindo wa khanga.