Bibi Katika Msitu wa Hadithi

Mama yangu alikuja kututembelea Uholanzi kiangazi cha mwaka 1997, akiwa na sanduku moja na viza ya miezi mitatu. Binti yangu alikuwa na miaka saba, mdogo wake wa kiume minne. Wote wawili walikielewa Kiswahili. Ukiwaambia wavae viatu, walivaa. Lakini walijibu kwa Kiholanzi, na Mama hakujua neno hata moja la lugha hiyo. Kwa wiki tatu za mwanzo nyumba yetu ilikuwa na adabu nyingi kuliko mazungumzo. "Shikamoo Bibi." "Marahaba mume wangu. Na wewe mke mwenzangu, hujambo?" Kisha kimya. Mama hakulalamika. Alikaa akiwatazama wajukuu wake wakitazama televisheni, kama abiria anayengoja basi asilolijua saa yake.

Mume wangu ndiye aliyesema twende Efteling. Kwa msomaji asiyepafahamu, hapo ni mahali pakubwa pa michezo ya watoto na wakubwa katika kijiji cha Kaatsheuvel, kusini mwa nchi hiyo. Pamekuwapo tangu mwaka 1952, na mwanzo wake ulikuwa msitu wenye hadithi kumi tu: nyumba ndogo, kasri na viumbe waliochorwa na msanii Anton Pieck, wakatiwa uhai na Peter Reijnders, mtu aliyependa mitambo. Magari ya reli ya kupindua watu kichwa chini miguu juu yalikuja miaka mingi baadaye. Tulikodi kijumba cha mbao jirani na hapo kwa siku tatu. Usiku wa kuamkia safari Mama alikaanga maandazi ya kutosha harusi, kwa sababu hakuamini kwamba mtu akishalipa kiingilio anaweza kutozwa tena fedha ya chakula. Anaweza, na hutozwa.

Langoni alisimama. Lango lile, lililokuwa na umri wa mwaka mmoja tu wakati huo, lina mapaa marefu yaliyochongoka, yote yameezekwa kwa matete. "Kumbe na huku wanaezeka!" alisema. Alilikagua kwa macho kutoka chini hadi juu, akatoa hukumu kwamba fundi wake anaijua kazi. Hicho ndicho kitu cha kwanza cha Ulaya nilichomsikia akikisifu.

Wenye watoto wadogo wanajua siku ya namna hiyo inavyokwenda. Unasimama kwenye mstari, unatafuta choo, unahesabu watoto. Mwanangu wa kiume alivutiwa na kitu kimoja tu. Ni sanamu ya bwana mnene aliyepanua kinywa, anayelilia karatasi chafu. Ukimkaribishia karatasi anaivuta kwa upepo, kisha anashukuru. Mtoto aliokota takataka za watu, zilipokwisha akaanza kuichana ramani yetu vipande vipande. "Huyu angetufaa pale sokoni Mgandini," Mama alisema, na yeye mwenyewe akatoa leso ya karatasi mfukoni, akamlisha yule bwana.

Binti yangu alikuwa amekuja kwa ajili ya Python, gari la reli la mwaka 1981. Alilizungumzia mwezi mzima. Penye kipimo cha urefu, kijana wa zamu alimsimamisha wima kwa upole, akatikisa kichwa. Zinatakiwa sentimita 120. Yeye alipungukiwa na mbili. Alilia kilio cha mtu aliyeonewa na serikali. Baba yake alimwahidi aiskrimu, mimi nikamwahidi mwaka ujao. Hakuna mtoto wa miaka saba anayeujua mwaka ujao. Mama akamshika mkono bila kusema lolote, wakaelekea msituni.

Niliwakuta mbele ya nyumba ya mbuzi na watoto wake saba. Mbwa mwitu amesimama mlangoni, anataka kufunguliwa. Mama alikuwa ameinama, anaeleza kwa sauti ya hadithi: "Basi fisi akabisha hodi..."

"Hapana Bibi! Si fisi!"

Niligeuka. Ilikuwa sauti ya binti yangu, na ilikuwa kwa Kiswahili.

"Si fisi? Ni nani basi?"

"Ni mbwa. Mbwa ya miti."

"Mbwa gani huyo anayejua kupiga hodi?"

"Mbwa mkubwa! Anakula watoto ya mbuzi. Sita."

"Mbona wako saba?"

"Moja iko ndani ya saa!"

"Saa ya mkononi?"

"Saa kubwa, Bibi! Ya ukuta!" Miguu ilikuwa inakanyaga chini kwa hasira. Machozi ya Python yalikuwa bado hayajakauka usoni.

Mama aliifahamu hadithi hiyo vizuri sana, ila kwake mlaji ni zimwi, na zimwi hilo huambiwa na mganga limeze chuma cha moto ili sauti yake ilainike ifanane na ya mama. Binti yangu alishikilia kwamba alikula chaki. "Chaki hii ya shuleni?" Mama aliuliza, akacheka hadi akajishika mbavu. Ubishi wa chuma na chaki uliendelea hadi kwenye mstari wa Droomvlucht, na mstari ulikuwa mrefu. Mwanangu alikuwa amelala mgongoni kwa Mama, amefungwa kwa kanga, na Waholanzi waliokuwa nyuma yetu walitabasamu bila kujua wanachokisikiliza. Mimi sikuingilia. Neno likikosekana, mtoto alikodoa macho juu akilitafuta, na Mama alimngoja. Nilipotaka kumsaidia alinifinya.

Humo ndani, vibehewa vinaning'inia na kupita juu ya msitu wa giza wenye vibwengo vyenye mabawa. Mama alisoma Bismillahi mara tatu. Kwenye mashua za Fata Morgana, katikati ya soko la Kiarabu, alitulia. Alfu Lela Ulela aliijua tangu utotoni, na alimweleza mjukuu wake mengi ambayo wajenzi waliyaacha.

Mama alirudi Tanga mwezi wa tisa. Kabla ya hapo, kila Jumapili tulipompigia simu, watoto walisema shikamoo wakanirudishia mkono wa simu kama kitu kinachounguza. Sasa binti yangu aliupigania. Alikuwa amefikiri jambo jipya kuhusu zimwi, au amesoma kitabu fulani shuleni na Bibi lazima aambiwe amekosea. Ikawa hivyo kwa miaka saba, mpaka Mama alipofariki mwaka 2004. Tulitumia kadi za kununua dakika, na mara nyingi dakika ziliisha katikati ya ubishi. Mtoto alibaki amesimama ukumbini, simu sikioni, akiimalizia sentensi yake.