JIBINI KALI ALIYOITAMANI BABA

Mzee akikataa chakula, nyumba nzima hukosa raha. Akina mama wengi wanaotunza wazazi au wakwe wanalijua jambo hili. Unapika vizuri, unaandaa mezani, kisha unaondoa sahani ikiwa imejaa vile vile.

Ndivyo ilivyokuwa kwetu baada ya Mama kufariki. Sisi binti zake watatu tulikuwa tukipokezana kukaa na Baba, na kila aliyeondoka alimwambia mwenzake neno lile lile: amekonda zaidi. Mmoja wetu akiwa muuguzi, tulianza na yale tunayowashauri wengine. Tulimpeleka hospitalini akapimwa. Tulikagua meno yake. Tuliuliza kama dawa anazomeza zingeweza kuharibu ladha ya chakula. Ugonjwa mpya haukuonekana. Kilichobaki kilikuwa uzee na majonzi.

Ni vizuri tufahamu kwamba mtu akizeeka, uwezo wake wa kunusa na kuonja hupungua. Mchuzi unaotukolea sisi, kwake unaweza kuwa kama maji tu.

Jioni moja Baba alitamka jambo ambalo hatukulitarajia. "Wanangu, ningepata ile jibini ya kazini, ningekula."

Tulikumbuka mara moja. Miaka ya 1980 Baba alifanya kazi katika kiwanda cha maziwa huko Bonde la Ufa. Wakati ule tulikuwa tukinywa maziwa ya Nyayo shuleni, na mara moja moja Baba alileta nyumbani kipande cha jibini aina ya cheddar, kimefungwa kwa karatasi. Kilikuwa cha manjano, kigumu, na kikali hata kuwasha ulimi. Sisi watoto tulikunja nyuso. Baba alicheka na kusema kwamba ni mursik iliyokaukia kibuyuni. Mama aliikata vipande vyembamba sana, tukaila na viazi vya kuchemsha.

Tukaanza kuitafuta. Madukani tulikuta chizi nyingi zilizofungwa kwa plastiki. Tulinunua moja, kisha nyingine. Baba alionja kidogo, akatikisa kichwa. "Hii bado ni mtoto," alisema.

Alisema kweli. Cheddar, iliyopewa jina la kijiji kimoja cha Uingereza, hutengenezwa kwa maziwa yaliyogandishwa. Mgando hukatwa, ukapangwa na kugeuzwa geuzwa ili maji yatoke, ukatiwa chumvi na kukandamizwa. Kiasi cha lita 10 za maziwa hutoa kilo moja tu. Baada ya miezi miwili au mitatu huweza kuliwa, lakini huwa pole. Ukali huja ikihifadhiwa mahali pa baridi kwa miezi tisa, mwaka au zaidi, protini na mafuta yakivunjika polepole. Kungoja hivyo ni gharama kwa mtengenezaji, ndiyo sababu nyingi huuzwa zikiwa changa.

Hatimaye, katika duka moja dogo kando ya barabara ya Nairobi kwenda Nakuru, tuliuliza iliyokomaa. Muuzaji alitukatia kutoka kwenye bonge lililozungushiwa kitambaa. Bei ilitufanya tutazamane, lakini tulinunua gramu 200.

Baba aliinusa kwanza. Akaweka kipande mdomoni, akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mama yenu alikuwa akiificha hii ndani ya debe la unga, ninyi msiione." Hatukuwa tumejua hilo hata siku moja! Usiku ule alimaliza viazi vyote, akazungumza habari za Mama hadi taa zikazimwa. Tangu mazishi hakuwa amelitaja jina lake.

Hatusemi kwamba jibini iliponya majonzi. Siku nyingine bado alisukuma sahani. Lakini tulijifunza kukwangua kidogo juu ya viazi au mboga zake, na uzito ukaanza kurudi taratibu. Gramu 30 tu zina karibu gramu saba za protini na kalsiamu nyingi, na kwa mtu anayekula kidogo hiyo ni faida.

Nawe ukitaka kujaribu, zingatia haya. Jibini ina chumvi, hivyo mwenye shinikizo la damu apewe kidogo tu. Anayetumia dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi, au baadhi ya dawa za huzuni, amwulize daktari kwanza, kwa kuwa jibini iliyokomaa inaweza kumletea mapigo ya moyo ya kasi na kichwa kuuma. Mama mjamzito aepuke jibini ya maziwa mabichi. Ukiona chembe nyeupe ngumu ndani ya cheddar ya zamani, usiitupe, kwani si lazima iwe ukungu. Mara nyingi ni dalili ya kukomaa.

Na kama mzee wako hajui jibini, muulize alikula nini alipokuwa kijana, na nani alimpikia. Kaa chini umsikilize mpaka amalize, ndipo uingie jikoni.