Tanzia: Zamu ya Mrushaji Kushika Gongo

Imefariki Machi 2022, siku wenye timu na chama cha wachezaji wa besiboli Marekani walipokubaliana mkataba mpya. Tangu hapo mrushaji halazimiki kupiga tena. Badala yake husimama mpigaji maalumu, mtu ambaye kazi yake ni kupiga tu, na mrushaji hukaa kwenye benchi akipumzisha bega.

Marehemu aliugua muda mrefu. Moja ya ligi mbili kuu ilimtelekeza Aprili 1973. Ile ya pili, iliyoanzishwa 1876, ikambeba miaka karibu hamsini zaidi. Na mwezi uliofuata baada ya kutelekezwa huko, Mei 24, huko Altamira, Jamhuri ya Dominika, alizaliwa mtu aliyekuja kumpa fahari yake ya mwisho: Bartolo Colón.

Colón alikulia kwenye mashamba ya kahawa, akatoka na mkono wa ajabu. Alishinda mechi 247, kuliko mrushaji mwingine yeyote mzaliwa wa Amerika ya Kilatini, na mwaka 2005 akatwaa tuzo ya mrushaji bora, Cy Young, akiwa na timu ya Angels. Doa analo: 2012 alifungiwa mechi 50 kwa kutumia testosteroni. Kupenda mtu si sababu ya kulifuta.

Lakini mpe gongo uone. Tumbo mbele, anazungusha kwa nguvu zote, kofia inamruka kichwani, mpira umeshapita kitambo. Katika zamu kumi za kupiga hakufanikiwa hata moja, kwa wastani. Watu walilipa kiingilio kuyaona hayo, nami nawaelewa.

Mei 7, 2016, mjini San Diego, Colón alipokuwa na timu ya New York Mets, mrushaji James Shields alimrushia mpira kama alivyowarushia wengine. Colón akaugonga, ukavuka ukuta. Alikuwa na miaka 42. Hakuna mwenye umri mkubwa kuliko yeye aliyewahi kupiga mpira wa namna hiyo kwa mara ya kwanza katika ligi hizo. Akazunguka vituo taratibu, karibu nusu dakika nzima, akarudi akakuta wenzake wamejificha na benchi tupu. Utani wa kishemeji kabisa.

Waliomuua marehemu walikuwa na hoja. Warushaji walipiga vibaya mwaka hadi mwaka, na wengine waliumia: Adam Wainwright alichanika kano ya kisigino mwaka 2015 akianza tu kukimbia baada ya kupiga. Mkono wa mamilioni ya dola hauchezewi. Sawa. Ila kocha naye amepunguziwa kazi ya kuumiza kichwa, maana zamani ilimbidi aamue kama amtoe mrushaji anayefanya vizuri kwa kuwa zamu yake ya kupiga imefika.

Wapo wanaosema marehemu ameacha mrithi, Shohei Ohtani, anayerusha na kupiga. Sikubali. Ohtani anapiga kwa kuwa anaweza. Colón alipiga kwa kuwa zamu ilikuwa yake.