Bukavu: Velo za freni za mafuta hazipinduliwi ovyo

Kwenye mteremko wa Kadutu, kijana mmoja anayepeleka mikate madukani alivuta freni ya mbele, mkono wake ukaenda mpaka kwenye gido. Velo haikusimama. Aliburuta sandali kwenye lami mpaka akafika pa sawa. Mikate ilipona, naye pia.

Velo yenyewe ni ya milimani, okazioni ya Ulaya, na freni zake hazina kamba ya chuma. Zina mafuta. Ukivuta mkono, mafuta yanasukumwa katika bomba jembamba hadi kwenye kibano kilicho gurudumuni, pistoni mbili zinatoka na plaketi zinabana disiki. Mafuta hayakubali kubanwa, ndiyo maana kidole kimoja kinaweza kusimamisha mtu na mzigo wake. Hewa inakubali. Ikiingia humo, nguvu ya mkono inaishia kuibana yenyewe.

Fundi mzee aliyeipokea aliuliza: "Mwanangu, pneu ilipotoboka, nani alikuzibia?" Alikuwa fundi wa kando ya barabara, na aliipindua velo, kiti chini, magurudumu juu, kama inavyofanyika kila kona ya Bukavu. Kwa velo ya kamba hakuna neno. Kwa hii, hewa iliyokuwa imetulia katika kitanki cha mkononi huhama na kuingia kwenye bomba.

Kijana alikuwa amekwisha kununua dawa yake: chupa ya DOT 4, ile ya magari. Fundi alikataa kuifungua. Alimwonyesha maandishi kwenye mkono wa freni: mafuta ya madini. Shimano hutumia hayo, freni nyingi za SRAM hutumia DOT. Ukiyachanganya, mipira midogo ya ndani huvimba na freni inakufa kabisa. Wenye maduka si wa kulaumiwa sana; mtu akiomba tu "mafuta ya freni", atapewa ya gari.

"Papa, mimi nitakula nini nikingoja?" Alingoja siku nane mpaka msafiri mmoja akaleta chupa ndogo. Siku hizo zote alipeleka mikate kwa mguu, na duka mbili zikatafuta mtu mwingine.

Kazi yenyewe haikumaliza saa moja. Fundi alitoa gurudumu na plaketi, akaweka kipande cha plastiki kati ya pistoni ili zisitoke. Alilaza mkono wa freni sawasawa, akafungua visi ya juu na kusimika kikombe hapo. Chini, kwenye kibano, aliunga sindano ya farmasi isiyo na ncha, imejaa mafuta mapya, akasukuma polepole. Mapovu yakapanda kikombeni. Aligonga bomba kwa vidole, mengine yakatoka. Mkono ulipokuwa mgumu, alifunga, akapangusa disiki kwa alkoli. Mwishoni alilegeza buloni mbili za kibano, akashika freni, akazikaza akiwa bado ameishika. Disiki ikazunguka katikati bila kukwaruza.

Plaketi za zamani zilikuwa zimelowa mafuta. Kijana aliuliza kama sabuni haitoshi.

"Zioshe, kisha uzifunge kwa velo ya mtu usiyempenda," fundi alimjibu, akazitupa.

Freni ya nyuma bado inangoja zamu yake. Mafuta yaliyobaki katika chupa yanatosha.