Samaki Wawili wa Ndevu

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Wasomaji wapenzi, mimi nimekiona kikulacho kinywani!

Mjomba hufuga samaki wa Ziwa Tanganyika katika tangi la kioo. Mama samaki hao huatamia mayai mdomoni, na watoto wakikua mjomba huwauza. Karo yangu hutoka humo.

Jioni moja nikitoka shule nilimkuta mchuuzi na samaki wawili wa jamii ya kambare, wenye ndevu na madoa meusi. "Hawa ni mapacha, mzee," akasema. Macho ya mjomba yamefifia, akaniita, "Hebu watazame, mwanangu."

Nikawachungulia tumboni. Wa kwanza alikuwa na madoa hadi chini: huyo ni Synodontis petricola. Wa pili, tumbo jeupe pe, halina hata doa moja: Synodontis multipunctatus. Lo! Huyo ndiye balaa. Mama samaki akitaga, yeye hujipenyeza, akala baadhi ya mayai na kuacha yake. Mama wa watu huyaokota yote bila kujua. Ya mgeni huanguliwa mapema, na vitoto vyake huwala wenyeji mumo humo kinywani!

"Huyu hapana, mjomba," nikasema. Mchuuzi alinuna, lakini tukamchukua yule wa kwanza tu. Mjomba akacheka, "Kumbe karo haipotei bure!"

Wenzangu, sura zikifanana msiharakishe kununua. Tazameni tumbo kwanza.