Lofoi bila drone

Wengi mmetuuliza kwa nini safari yetu ya Lofoi haina video, wakati tulitangaza kwamba kijana wetu atapiga picha kutoka juu. Jibu ni fupi: drone ililala siku mbili ndani ya ofisi ya parke.

Kijana huyo ni mtoto wa mmoja wetu, hapa Ruashi. Drone ndiyo kazi yake, anapiga picha za ndoa, na mama yake aliuza friji ili waongeze bei yake. Kwa hiyo mlinzi aliponyoosha mkono pale kizuizini, mama alisimama mbele ya sanduku kama mtu anayelinda mtoto mchanga. Tulikuwa na karatasi yenye muhuri! Tuliilipia mjini kwa mtu aliyetuhakikishia kwamba inatosha. Mlinzi aliisoma polepole mpaka mwisho, akaturudishia. Ilikuwa ruhusa ya kupiga picha tu. Juu ya kurusha kitu hewani haikusema neno.

«Mama, mimi sikatazi picha,» alisema. «Simameni, pigeni na telefone mpaka mchoke.»

Alitueleza, nasi tunaeleza hapa maana hakuna aliyetuambia kabla. Milango ni miwili. Anga ya inchi iko mikononi mwa wakubwa wa usafiri wa ndege, ile AAC. Ardhi ya parke na wanyama wake iko mikononi mwa ICCN. Karatasi ya mmoja haifungui mlango wa mwingine.

Kundelungu ni parke ya taifa tangu 1970. Kanuni yenyewe si ya jana: amri-sheria ya 1969 ilikataza chombo chochote cha hewani kupita chini ya mita 300 juu ya hifadhi kama hizi. Siku zile nani alijua drone? Mwaka 2014 ilikuja sheria nyingine ya kuhifadhi viumbe. Lakini tulicheka tulipopiga hesabu ya mita zile 300. Maji ya Lofoi yanaanguka zaidi ya mita 340. Drone ikipanda kutoka chini, ikifika mita 300 bado haijauona ukingo wa juu.

Sababu mbili zilitugusa. Ndege wa kuwinda, wale wanaojenga viota kwenye miamba, wengi wanataga wakati wa kiangazi, na sisi pia tunakuja kiangazi kwa sababu ya barabara. Mama ndege akiona kitu kinazunguka mbele ya kiota, anakimbia na kuacha mayai kwenye jua. Sababu ya pili ni ya watu. Wenye silaha wamepita mara nyingi katika parke za Upemba na Kundelungu, na walinzi wamekufa. Mlinzi aliye porini akisikia mlio juu ya kichwa, atajuaje kwamba ni kijana wa ndoa?

Hapo mama aliondoka mbele ya sanduku. Aliomba jambo moja: waandike kwamba wameipokea, na kwamba ni nzima. Wakaandika.

Na Lofoi yenyewe? Juu ya uwanda kuna majani na upepo tu, na mto mdogo usiotisha mtu. Halafu ardhi inakwisha. Tulilala kwa tumbo, mmoja akishika miguu ya mwenzake, tukachungulia. Maji yalikuwa membamba, upepo ukiyasukuma pembeni kama pazia. Wengine wetu tumefika Livingstone kuona Mosi-oa-Tunya, yenye mita 108 tu. Ile ni pana na ina kelele. Hii ni ndefu, na inanyamaza. Kijana alichungulia kwa muda mrefu kuliko sisi wote. Baadaye tulikula bukari na tomsoni, karibu bila maneno.

Kwa wenye watoto wenye drone hapa kwetu: ndege zinazoshuka Luano tunazisikia juu ya mabati yetu. Kabla ya ndoa ijayo, ulizeni AAC.

Siku ya kurudi, kijana alifungua sanduku pale pale kizuizini, akahesabu mapanga manne na betri tatu, akatia sahihi. Mama yake alihesabu tena.